Glaida ya roketi: usiipime ikiwa tupu
Ukiunda glaida ya roketi (kindege cha mfano kinachorushwa na injini ya roketi, kisha kikashuka kikielea kwa mabawa), ile inayopaa na injini yake na kurudi nayo, usiijaribu kwa mkono ikiwa tupu. Tia ndani ganda la injini iliyokwisha kuungua. Baruti ikiisha ganda hubaki mkiani, na huo ndio uzito itakaorudi nao. (Ile inayoangusha injini angani, hiyo pima tupu.)

Mimi huenda ufuoni Shela alfajiri, maji yamekupwa na upepo wa kusi haujaamka. Isukume taratibu, pua imeinama kidogo. Ikiinua pua, ikasita, kisha ikadondoka, bandika nta puani, punje ya ukubwa wa choroko kwa kila jaribio. Ikipiga mbizi, bandua. Choroko, si kunde! Juzi nilibandika donge zima, nikaenda kuichimbua mchangani.

Unyevu wa hapa Lamu nao hupinda balsa, ule ubao mwepesi wa mabawa. Bawa likipinda, lipitishe juu ya mvuke wa birika, likunje kinyume kidogo, lishike hadi lipoe.

Na siku ya kuwasha injini, kaa mbali na mapaa ya makuti.