Jinsi ya kuanzisha kijiwe cha kusikiliza Frank Zappa hapa Dodoma, hatua kwa hatua

Kila nikipita Sabasaba kuna mtu lazima anidake, eti nyie mnaokaa na yule mzungu wa masharubu mnafanyaga nini hasa, na mimi pia nataka kwetu Kondoa nianzishe, nianzie wapi. Kuelezea kwa mdomo nimechoka, basi naandika yote hapa mara moja. Mi ni fundi redio na spika, sio mwanamuziki, gitaa najua kulibeba tu, ila huu ni mwaka wa tatu sasa tunakutana Jumamosi mbili kila mwezi uani ninapopanga, Chang'ombe, siku nyingine tuko wanne siku nyingine kumi na moja, tunasikiliza, tunabishana, tunabadilishana mafaili na maandishi.

Kwa asiyemjua Zappa kabisa: mwanamuziki Mmarekani, kazaliwa Baltimore 21 Desemba 1940, kafariki 4 Desemba 1993 kwa kansa ya tezi dume akiwa na miaka 52, na kaacha albamu zaidi ya 60 alizozitoa mwenyewe akiwa hai. Rock, jazz, okestra, vichekesho, vyote anavichanganya kama mtu anayepika makande. Mwaka 1963 alienda kwenye TV ya kwao akapiga baiskeli. Ndio, baiskeli, anagonga spoku kwa vijiti na kuzikwaruza kwa upinde wa fidla. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema chizi, wanaondoka. Sasa huyo chizi nota zake Pierre Boulez, mtu mzito kabisa wa muziki wa okestra Ufaransa, alikuja kuziongoza kwenye albamu ya 1984.

HATUA YA 1: Watu

Usialike wapenda rock peke yao. Nilifanya hivo mwanzo, wakaja vijana watatu wanataka gitaa la kelele tu, ikifika sehemu ya marimba wanatoa simu. Tafuta mtu yeyote ambaye mikono yake ina hesabu, mpiga dramu wa kanisani, kijana wa kwaya anayesoma nota, fundi cherehani, mpiga zeze kama unaye. Kwetu sisi msikilizaji mkali kuliko wote ni Shangazi, mama wa makamo mtu wa Mvumi aliyepiga muheme wa wanawake wa Kigogo toka msichana, ngoma iko katikati ya mapaja na wenzake wamesimama mstari. Kiingereza hajui hata kidogo, na hiyo ni faida, nitaeleza.

HATUA YA 2: Spika na umeme

Hapa nisikilizeni maana ndo kazi yangu. Spika moja ya bluetooth HAITOSHI. Haijalishi inapiga kelele kiasi gani, ile mara nyingi inabana kushoto na kulia pamoja, na Zappa anapanga vitu kushoto na kulia makusudi, kuna dramu zinaanzia sikio hili zinaishia sikio lile, sasa ukibana unabaki na uji. Tafuta spika mbili hata mbovu mbovu za redio kaseti ya zamani, ziachanishe kama mita mbili, kila mtu akae mbele yake sio pembeni, na utumie waya wa oksi. Amplifaya ndogo ya gari ya volti 12 na betri ya gari inatosha, umeme ukikatika nyie mnaendelea, majirani ndo wanashangaa.

Miezi ya upepo, kuanzia kama Juni hivi, tundika khanga mbili upande upepo unakotoka. Vumbi la Dodoma halina heshima, nimeshabadilisha spika ndogo ya juu mara mbili.

Mafaili: saa moja ya muziki kwa mp3 ya kbps 320 inakula kama MB 144 tu, inatosha kabisa kwa uani, usidanganywe na mtu anayekwambia lazima yale makubwa ambayo saa moja inakula mara mbili hadi mara tatu ya hapo. Vuta usiku kwa bando la usiku, nunua au tumia chaneli rasmi, na usichome CD ukauza, sisi tulikubaliana hivo siku ya kwanza kabisa. Mwenyewe alikuwa mkali kwa waliokuwa wanarekodi shoo zake kwa wizi, na unajua alifanyaje? 1991 alizichukua rekodi zao hizohizo za wizi akazitoa yeye kama zilivo, na mikwaruzo yake.

HATUA YA 3: Uanze na albamu gani

Hot Rats, 1969. Sibishani. Karibu yote ni ala tupu, kuna wimbo mmoja tu wenye kuimba na anayeimba ni rafiki yake Captain Beefheart, sauti kama lori linapanda Kongwa. Piga wa kwanza, Peaches en Regalia, hauna hata dakika nne, upige mara tatu mfululizo bila kuongea. Mara ya kwanza watu wanacheka, ya pili wananyamaza, ya tatu kuna mtu anaanza kuuimba kwa mdomo. Kama hakuna hata mmoja, chemsha chai mrudie wiki ijayo.

Wiki zinazofuata nenda Apostrophe ya 1974, ambayo ndo ilimfikisha kumi bora Marekani, halafu One Size Fits All ya 1975. Baadaye sana Jazz from Hell ya 1986, ambayo karibu yote aliipiga kwa mashine inaitwa Synclavier, aliona wanadamu wanamkosea nota zake basi akampa kompyuta, na ikampa Grammy 1988. Kuna kijana wetu wa UDOM anaipenda kuliko zote, mi bado inanichosha masikio.

Sasa onyo. Maneno ya Zappa kwenye nyimbo nyingi ni machafu, machafu kweli, sio ya kufumbafumba. Mimi mwezi wa pili tu wa kijiwe nikaweka Joe's Garage uani saa kumi jioni, sauti juu, nikiamini mtaa mzima hakuna anayefuatilia Kiingereza, kumbe mama mwenye nyumba kafundisha Kiingereza sekondari mpaka kastaafu. Alitoka na beseni la mchele anaochambua, akasimama, akasikiliza wimbo mzima mpaka mwisho, akaniambia, "Baba, gitaa zuri. Hayo mengine uyasikilizie chumbani kwako." Sijawahi kuona aibu kama ile. Kwa hiyo andaa orodha mbili, ya uani na ya chumbani, na ya uani iwe ala tupu. Na ndo maana nikasema Shangazi kutojua Kiingereza ni faida, yeye hakukwazika wala hakuchekeshwa, anasikia mapigo tu, na mapigo ndo yenye mali.

HATUA YA 4: Kuhesabu kwa mikono

Hii ndo roho ya kijiwe, ukiruka hii mtabaki mnasifia tu masharubu. Msikilize kwa mikono kwanza, kichwa baadaye.

Anza na Watermelon in Easter Hay, iko mwishoni mwa Joe's Garage ya 1979. Gitaa linalia polepole sana, kila mtu anadhani ni rahisi. Waambie wahesabu nne nne kwa kupiga paja, watapotea baada ya mzunguko wa kwanza, kwa sababu inazunguka kwa TISA. Sasa waambie nne halafu tano, nne halafu tano, paja paja paja paja, kofi kofi kofi kofi kofi. Ikikaa, zima spika katikati waendelee wenyewe, washa tena. Mkikutana na gitaa palepale mtapiga kelele, sisi tulipiga mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Ikishakaa hiyo, zoezi la pili. Kwenye albamu ya Weasels Ripped My Flesh ya 1970 kuna wimbo unaitwa Toads of the Short Forest, na katikati yake Zappa mwenyewe anashika maiki anawaeleza watazamaji kinachoendelea: mpiga dramu mmoja yuko kwenye 7/8 (mzunguko wa vipande saba vidogo vya nane), mwenzake 3/4, besi 3/4, kinanda 5/8, tari 3/4, na mpiga saksafoni anapenga kamasi. Watu wanacheka kamasi wanasahau hesabu. Sisi tuliigawa hivi, makundi matatu, wote mwendo mmoja wa harakaharaka, kundi la kwanza linapiga kofi kila baada ya 7, la pili kila baada ya 6 (ile 3/4 ukiihesabu kwa vipande vidogo vya nane), la tatu kila baada ya 5. Mnaanza kofi moja pamoja halafu mnaachana kila mtu na njia yake. Mtakutana wote tena kofi moja baada ya vipande 210. Tulijaribu wiki nne hatukufika, kuna mtu lazima acheke au aibe hesabu ya jirani. Anza na 7 na 5 tu, zinakutana kwenye 35, hiyo mtaweza.

Hapa ndo Shangazi alitupita wote. Yeye alishika 7 hakutikisika, sisi tumeshavurugika yeye anaendelea, anatuangalia kama watoto. Halafu akasema hawa watu wako ni hodari ila hawatazamani, sisi kwenye muheme tunatazamana. Nilikaa na hiyo wiki nzima. Wiki iliyofuata nikaleta laptopu nikamwonyesha video ya shoo, na kweli hawatazamani, wote macho kwake, anawaongoza kwa ishara za mkono, akizungusha vidole karibu na nywele kama anasokota rasta bendi nzima inageuza inapiga reggae palepale. Shangazi akasema haya, kumbe wanamtazama mmoja. Basi toka siku hiyo tukivurugika tunachagua mmoja wa kutazamwa, na inasaidia, jaribuni.

Mapumziko tunamweka Hukwe Zawose, mwanamuziki mzee wetu wa kijiji cha Doduma hapa hapa, aliyefariki 2003, ambaye mwanamuziki Peter Gabriel alizitoa kazi zake Uingereza kupitia lebo yake ya Real World. Simweki kwa uzalendo, ila masikio yakishachoka na nota za kuandikwa, zeze na ilimba yanayasafisha. Halafu ilimba, yaani marimba ya vidole, inawasaidia wageni kwenye jina, maana kwetu ukisema marimba mtu anafikiria ya vidole, ile ya Ruth Underwood kwenye bendi ya Zappa ni ya mbao unagonga kwa vijiti. Waambie mapema, kuna mtu kwetu alitafuta vidole nusu saa nzima.

HATUA YA 5: Andika toleo, andika toleo, andika toleo

Wawili wetu waliwahi kukosana karibu washikane mashati juu ya We're Only in It for the Money. Mmoja anasema besi na dramu ni za kisasa, zinasikika kama miaka ya themanini, mwenzake anasema we kiziwi, hii ni 1968. Wote walikuwa sahihi. Zappa miaka ya themanini alizifuta besi na dramu za zamani kwenye hiyo albamu na ya Ruben & the Jets, akaita watu wengine wapige upya, akatoa CD, halafu baadaye ile ya asili ikarudi tena sokoni. Kwa hiyo jina moja, picha moja, muziki tofauti. Hot Rats nayo ina michanganyo (mixing) miwili, ya 1969 na ya CD ya 1987.

Kila faili unalompa mwenzio liwe na vitu vinne kwenye jina: albamu, mwaka ilipotoka kwanza, mwaka wa toleo hilo, na kama ni laivu au studio. Hapo kwenye laivu na studio usijiamini sana, maana jamaa alikuwa anakata solo ya gitaa kutoka shoo fulani anaibandika juu ya wimbo mwingine kabisa wa studio, mwendo tofauti, hesabu tofauti, na solo nyingi za Joe's Garage ndo zimepatikana hivo. Ile ya hesabu ya tisa sio mojawapo, ile aliipiga kwa ajili ya wimbo wenyewe. Ukiskia gitaa linaelea haligusi dramu, usikimbilie kusema kakosea.

HATUA YA 6: Daftari

Counter book moja ya quire mbili, la kijiwe, sio la mtu. Upande wa kushoto wimbo na toleo, wa kulia vitu vinavyojirudia. Zappa alikuwa anasema kazi zake zote ni kitu kimoja kirefu, basi anarudisha vitu vilevile albamu baada ya albamu. Anza na mbwa wa aina ya poodle, yule wa kunyolewa manyoya: yumo kwenye Dirty Love ya 1973, yumo kwenye Stink-Foot ya 1974, na mwaka huohuo kwenye Cheepnis amekuwa dude kubwa la filamu ya kutisha. Sisi tumefika mbwa kumi na mmoja, ingawa wawili Shangazi kawakataa kasema ni kelele tu.

Daftari letu likijaa ukurasa napiga picha natuma kwa wenzetu wa Singida, wao wanatuma la kwao. Jumamosi ijayo tunajaribu tena ile ya 210, saa tisa alasiri kabla upepo haujaanza. Njoo na kikombe chako, vya mama mwenye nyumba vimebaki vitatu na ameshavihesabu.