Usingoje Kijiti: Namna ya Kupanga Tetris Bila Mashimo

Hapa Kondele, Kisumu, ninatengeneza simu, na vijana wanaongoja skrini zao zibadilishwe hucheza Tetris kwenye simu ya dukani: vipande vinashuka kutoka juu, unavipanga, na mstari ukijaa wote unafutika. Kilio chao hakibadiliki: "Omera, kijiti hakiji!" Wanamaanisha kile kipande kirefu cha miraba minne iliyopangana. Lakini ukiangalia rundo lao, utaona tatizo lilianza vipande kumi nyuma, pale uso wa rundo ulipoharibika. Uso ni ile mistari ya juu ambayo kipande kinachofuata kitaikalia. Mwongozo huu ni wa kuutunza uso huo.

Hatua ya 1: Vijue vipande

Uwanja wa kawaida una nguzo 10 kwa upana na mistari 20 kwenda juu. Vipande ni saba, kila kimoja cha miraba minne, tangu Alexey Pajitnov alipoubuni mchezo huu jijini Moscow mwaka 1984. Tunaviita kwa herufi vinazofanana nazo: I (kijiti), O (sanduku), T, L, J, S na Z. Anza kwa mwendo wa chini kabisa, uvizungushe mpaka vidole vijue bila kuuliza kichwa.

Hatua ya 2: Acha kisima kimoja, pembeni

Jaza nguzo tisa, ya kumi upande wa kulia iache tupu. Hicho ndicho kisima. Kijiti kikishuka humo kinafuta mistari minne kwa mpigo, na hapo ndipo pointi zilipo. Kwenye Game Boy, kile kifaa cha michezo cha mkononi cha mwaka 1989, ukiwa kiwango cha 0, mstari mmoja ni pointi 40, minne kwa pamoja ni 1,200. Ukiifuta hiyo minne mmoja mmoja unapata 160 tu. Kwenye matoleo mengi ya simu tofauti ni ndogo, 100 kwa mstari mmoja na 800 kwa minne katika kiwango cha kwanza, lakini bado inalipa.

Neno muhimu hapa ni *kimoja*. Pengo lenye upana wa mraba mmoja na kina cha miraba miwili linazibwa na L au J. Likifika kina cha tatu, ni kijiti peke yake kinachoweza kulijaza bila kuacha shimo, yaani nafasi tupu iliyofunikwa kwa juu. Mwenye mapengo mawili ya namna hiyo anangoja vijiti viwili huku rundo likipanda.

Hatua ya 3: Weka ngazi, usisawazishe kabisa

Hapa ndipo ninapokaa na mwanafunzi muda mrefu kuliko kwingine kote. Wengi hufikiri uso bora ni ule ulionyooka moja kwa moja. Sivyo. Juu ya uso ulionyooka kabisa, S na Z hazina pa kukaa bila kuacha shimo chini yake, ziwe zimelala au zimesimama.

Dawa ni ngazi ya mraba mmoja. Tuseme nguzo ya kulia imeizidi jirani yake wa kushoto kwa mraba mmoja. Z ikisimama wima inakaa hapo sawasawa. S nayo inalala vizuri, mradi kushoto kwa ngazi kuwe na nguzo mbili zilizo sawa. Ngazi ikielekea upande mwingine, vipande vinabadilishana: S inasimama, Z inalala. Kwa hiyo ngazi moja tu, yenye nafasi ya nguzo mbili mbele yake, inavipokea vipande vyote viwili vinavyowatesa watu.

Sanduku linahitaji nguzo mbili zilizo sawa, kwa hiyo zilinde. T ndiyo rahisi kuliko zote: inakaa kwenye sehemu tambarare ya nguzo tatu, kwenye ngazi, au ikielekea chini kwenye kijishimo cha mraba mmoja. Usiitupe ovyo, maana ndiyo inayosahihisha uso uliopinda.

Kabla ya kuangusha kipande, jiulize: baada ya hiki, vipande vingapi kati ya saba vitapata mahali? Chagua nafasi inayoacha vingi.

Hatua ya 4: Jua utangoja kiasi gani

Matoleo mengi ya sasa huchanganya vipande vyote saba kama vilivyo ndani ya mfuko, yanavitoa vyote, kisha yanaanza mfuko mpya. Kwa hiyo kati ya kijiti na kijiti hakuwezi kupita vipande zaidi ya 12. Hesabu. Game Boy ya zamani haina utaratibu huo, na kwenye vile vimashine vya Brick Game vya betri usitegemee mfuko wowote. Ukame wa vijiti unaweza kuwa mrefu.

Kwa vyovyote vile, rundo likivuka mstari wa kumi acha tamaa ya minne. Ziba kisima kwa L au J, futa mstari mmoja au miwili, ushuke. Kushuka mapema si woga.

Hatua ya 5: Shimo likitokea

Usirundike chochote juu yake. Tazama ni mistari ipi inayolifunika, uijaze hiyo kwanza ili ifutike na shimo lipate hewa. Kama limefunikwa na mstari mmoja, kazi ni ndogo. Kama ni mitatu, endelea kujenga pembeni huku ukiifuta mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya 6: Zoezi

Chagua mwendo wa chini. Jenga mistari minne kwenye nguzo tisa za kushoto bila shimo hata moja, ukitazama kila mara kipande kinachofuata kwenye kidirisha cha pembeni. Hiyo ni miraba 36, yaani angalau vipande tisa. Kijiti kikija mapema, kilaze au kihifadhi, kama toleo lako lina sehemu ya kuhifadhi. Ukitoboa shimo, anza upya. Likishakuwa jepesi, jenga mistari minane kabla ya kufuta chochote, ndipo uongeze mwendo.