Kabla hujaenda Nablus kujitolea

Viza ishughulikie mapema. Nablus ni mji wa Wapalestina katika Ukingo wa Magharibi, lakini mpakani, uwe umepitia uwanja wa ndege wa Ben Gurion ulioko Israel au daraja la kutokea Jordan, wanaokuhoji ni Waisraeli. Pasipoti haigongwi muhuri. Unapewa kikaratasi chenye picha yako. Kitunze kama pasipoti yenyewe. Fedha ni shekeli. Nguo ziwe za heshima. Koti beba, maana mji umekaa bondeni kati ya milima ya Gerizim na Ebal, na Januari nyumba za mawe zina baridi kali. Ukitosheka na kahawa chungu, tikisa kikombe, la sivyo utaendelea kumiminiwa.

Jifunze Kiarabu japo cha salamu. Sisi tuna pa kuanzia: kahawa, sukari, kitabu, wataelewa. Na sabuni, hasa sabuni, kwani Nablus wamepika sabuni ya mafuta ya zeituni kwa karne nyingi.

Sasa maji, na hapa unisikilize vizuri.

Nilipangiwa chumba juu ya nyumba ya familia moja. Kitu cha kwanza nilichokiona mjini ni mapipa meusi juu ya kila paa, nikayapita tu. Mimi niliyekulia Dar es Salaam, kwenye nyumba ya simtank na mgao, sikujiuliza yanafanya nini pale. Ijumaa moja ya Julai nilifua nguo zote na mashuka, nikadeki, kisha nikaoga kwa raha zangu. Jioni bomba likakohoa, likatoa hewa.

Nikashuka kumwambia mama mwenye nyumba. Tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama tunavyosema kwetu Mama Fulani. Vyombo vilikuwa vimejaa kwenye sinki, na mjukuu wake mwenye homa alikuwa anafutwa kwa kitambaa kilicholowanishwa kwa maji ya chupa. Tangi lilikuwa moja, la nyumba nzima, na zamu ya mtaa wetu ilikuwa Jumanne. "Maalesh," si neno, akaniambia, akanichemshia chai kwa maji yale yale ya chupa. Kesho yake wakanunua maji ya boza. Pesa yangu waliikataa, na mpaka leo naiona ile sinki.

Usidhani ni ukame tu. Mgao wa maji uliowekwa katika makubaliano ya Oslo ya 1995, kati ya Israel na Wapalestina, ulikuwa wa kipindi cha mpito cha miaka 5, na ndio ungali unatumika. Ukipita barabarani tazama makazi ya walowezi wa Kiisraeli vilimani: paa zao hazina mapipa meusi.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, uliza tangi ni la nani na nani, na maji huja siku gani. Panda juu uligonge kwa vidole: palipo na maji hulia zito, palipo tupu hulia kama ngoma. Oga kwa ndoo. Maji ya kufulia yamwage chooni.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Usipige picha askari wala kizuizi. Picha za watoto unaowafundisha usizirushe mtandaoni bila idhini ya wazazi. Safari ya nje ya mji ianze asubuhi, kwani barabara hufungwa bila taarifa, na nyumbani waambie mapema kwamba kuna siku hutapatikana. Mwenyeji akikwambia usitoke leo, usitoke, hata kama mtaa unauona umetulia.