Kuzalisha café marron: vikonyo peke yake havitoshi

Café marron (Ramosmania rodriguesii) ni mti mdogo wa jamii moja na mbuni, wenye maua meupe ya petali tano, na asili yake ni kisiwa cha Rodrigues peke yake, mashariki ya Mauritius katika Bahari ya Hindi. Ulidhaniwa umetoweka, hadi takriban mwaka 1980, mwalimu alipowatuma wanafunzi wake kutafuta mimea ya asili na mmoja wao akauona. Ulikuwa umebaki mmoja tu. Habari zilipoenea, baadhi ya wenyeji waliouamini kuwa dawa walianza kuukata matawi, ikabidi uzungushiwe uzio. Kwa mmea wa namna hii, uzio unapaswa kutangulia tangazo.

Mwaka 1986 vikonyo, yaani vipande vya shina vya kupandwa, vilipelekwa kwa ndege hadi bustani ya Kew, Uingereza, na kimoja kikatoa mizizi. Aliyewahi kuzalisha miche ya kahawa kwa vikonyo hatakuwa mgeni wa kazi hii: tumia kisu kikali kilichosafishwa, chagua shina ambalo si laini wala halijakomaa kabisa, punguza majani, kisha panda katika mchanganyiko usiotuamisha maji, chini ya kivuli na unyevu wa kudumu. Usichukue vikonyo vingi kwa wakati mmoja kutoka kwa mti mama uliodhoofika, na miche itakayopatikana igawanywe katika vitalu viwili au zaidi, ili ugonjwa au moto usimalize yote.

Hata hivyo, miche yote ya vikonyo ni mti uleule uliorudiwa, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuhesabu vyungu badala ya kuhesabu uzao. Mmea wa Kew ulichanua kwa wingi miaka mingi bila kuzaa, kwa sababu chavua iliyoangukia stigma (sehemu ya ua inayopokea chavua) haikuweza kurutubisha ua. Mnamo 2003 mtaalamu wa bustani hiyo, Carlos Magdalena, aliikata sehemu ya juu ya stigma, akapaka chavua kwenye jeraha, na baada ya majaribio mengi akapata tunda lenye mbegu. Njia hiyo inahitaji subira: ua liwe limefunguka vizuri, chavua iwe mbichi, na kila ua lililoshughulikiwa lifungwe kibandiko chenye tarehe. Miche ya mbegu ikianza kuchanua, kagua maua yake moja moja, kwa kuwa baadhi hutofautiana na ya mti mama na huzaa kwa urahisi zaidi. Kuanzia hapo uchavushaji wa kawaida wa mkono, kati ya mche na mche, ndio unaofaa, na upasuaji wa stigma ubaki kuwa njia ya dharura.

Msimamizi wa kitalu awatahadharishe wafanyakazi kuhusu majani. Mche mchanga huwa na majani marefu, membamba, ya rangi ya kahawia iliyokolea, ilhali mti mzima una majani mapana ya kijani, kwa hiyo asiyejua anaweza kuung'oa akidhani ni gugu. Wataalamu wengine huona kwamba umbo hilo liliwaficha miche wasiliwe na kobe wakubwa waliokuwepo kisiwani kabla ya kuangamizwa na binadamu. Halitoshi kuwazuia mbuzi.

Wakati wa kupanda porini, ondoa kwanza mimea vamizi ya kigeni katika eneo zima na si kuzunguka shimo tu, kwani itarudi na kuusonga mche. Panda mwanzoni mwa mvua, chini ya kivuli chepesi cha miti ya asili, weka matandazo bila kugusa shina, na endelea na palizi hadi mche ujiweze. Katika daftari la kitalu, andika kwa kila mche iwapo umetokana na kikonyo au mbegu, na kama ni mbegu, wazazi wake wote wawili ni mimea ipi. Bila hayo, uchavushaji wa msimu ujao utakuwa wa kubahatisha.