Kumuuguza mwenye kiharusi nyumbani: niliyoyajua nimeshachelewa

Mume wangu alikuwa fundi seremala, mimi ni fundi cherehani, tunakaa Ngamiani, Tanga. Kiharusi kilimkuta alfajiri akitia udhu. Kopo likamponyoka, mdomo ukaenda upande, nikamuuliza ana nini akanijibu maneno yasiyo kichwa wala miguu. Jirani akaja mbio na maji na vidonge viwili vya aspirini. Nashukuru vilimdondoka mdomoni. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, na aliyepasukiwa na mshipa ukimpa aspirini unamzidishia kuvuja damu. Kwa macho huwezi kujua ni kipi. Mpaka apigwe picha ya kichwa ya CT. Kwa hiyo ukiona mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki au maneno yamevurugika, usimtie kitu mdomoni. Tazama saa, kisha mkimbize hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na jambo watakalokuuliza mapema ni hilo: ilianza saa ngapi?

Yanayofuata ni ya baada ya kurudi nyumbani. Sisi tuliruhusiwa na karatasi ya dawa na neno moja, "mfanyisheni mazoezi." Mazoezi gani, hakuna aliyesema.

Nianze na bega, maana hapo ndipo nilipomkosea. Siku ya tatu nilimwinua kitandani kwa kumvuta mkono wa kulia, ule uliopooza. Misuli ya bega hilo imelegea, mfupa unaning'inia tu, ukiuvuta unamuumiza. Alilala na maumivu wiki sita, na kosa ni langu. Usimvute mkono, wala usimnyanyue kwa makwapa. Mgeuze alale ubavu, miguu ishushe ukingoni mwa kitanda, kisha mwache ajisukume kwa kiwiko cha mkono mzima huku wewe umemshika nyuma ya bega, kwenye ule mfupa mpana wa mgongoni. Akishakaa, mwache apumue kwanza; kizunguzungu kipo. Kiti kiweke upande wake mzima. Ukimsimamisha, zuia goti lake bovu kwa goti lako lisikunjike.

Na wa kumshika wapi? Nilishona mkanda wa jinzi, upana wa vidole vinne, tabaka tatu, na vishikio viwili mgongoni kama vya begi. Anavaa kiunoni juu ya nguo, mimi nashika vishikio. Fundi yeyote mtaani atakushonea akitumia suruali kuukuu.

Kwenye nguo, mkono mgonjwa huwa wa kwanza kuvaa na wa mwisho kuvua. Ukikumbuka hilo, shati halikusumbui. Mashati yake niliyabandua vifungo, nikashona velkro, halafu vifungo nikavirudisha kwa juu kama pambo, ili akikaa barazani asionekane amevaa nguo ya mgonjwa. Alivigusa kimoja kimoja kwa kidole, akanitazama.

Kula kuna hatari ambayo wengi hatuijui. Kiharusi huweza kulegeza koo, chakula kikaingia njia ya hewa, homa ya mapafu ikafuata. Kabla hamjatoka wodini, muombe muuguzi ampime kumeza. Nyumbani mketishe wima kabisa, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, amalize kumeza ndipo umpe kingine. Nilidhani maji ndiyo mepesi kwake, kumbe ndiyo yanayopalia kuliko uji mzito, kwa sababu yanakimbia. Akikohoa kila akinywa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, acha, rudi hospitali. Pekua shavu la upande mgonjwa, chakula hujificha humo naye hakisikii. Akimaliza akae wima dakika 30, asilale. Vidonge usivisage mpaka umuulize mfamasia, vingine havisagwi.

Alipokuwa hajiwezi kugeuka nilimgeuza kila baada ya saa 2, usiku naweka kengele ya simu. Kagua matako, kiuno na visigino. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au ngumu. Hapo usisugue, ondoa tu uzito.

Sasa kuhusu maneno. Upande wa kulia ukipooza, mara nyingi na maneno huondoka, kwa sababu yote mawili yanatoka upande wa kushoto wa ubongo. Mume wangu alibakiwa na neno moja, "kesho." Akitaka chai, kesho. Akitaka choo, kesho. Akigombana nami, kesho kesho kesho. Halafu Ijumaa moja mwanetu anasoma Al-Fatiha, baba yake akaidaka, akaisoma yote mpaka mwisho, hakukosea hata herufi. Nikalia kwa furaha. Dakika mbili baadaye akataka maji: "Kesho." Nakiri nilidhani ananifanyia makusudi. Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyenieleza kwamba tuliyoyakariri tangu utoto, dua, kuhesabu, siku za juma, nyimbo, hupita njia nyingine kichwani kuliko maneno ya kutunga papo hapo. Basi anzia hapo. Sisi tulihesabu pamoja kila asubuhi, tukaimba kaswida.

Mengine ni adabu tu. Usimpigie kelele, si kiziwi. Usimsemee mbele ya wageni kama hayupo. Muulize maswali ya ndiyo na siyo, mwonyeshe kikombe na sahani achague, kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Kunyamaza huko kulinishinda kuliko kumgeuza usiku.

Mkono haukupata nafuu kwa kuchuliwa, ulipata kwa kutumika. Nafuu kubwa huja haraka zaidi miezi mitatu ya mwanzo, ila haifungi mlango baada ya hapo. Nilimpa msasa na kipande cha mbao mezani, mkono mzima juu ya ule mgonjwa, wanasugua pamoja mbele na nyuma, dakika kumi, mara nne kwa siku. Mipira ya kuminya aliitupa. Msasa hakuutupa hata siku moja. Kwa hiyo tafuta kazi ya mikono yake mwenyewe: mvuvi mpe nyavu, mama ntilie mpe maharage achambue.

Ndugu walisema ni upepo mbaya, wakaleta kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani ili mgonjwa anywe. Sikugombana nao, dua tuliomba, na bado tunaomba. Nilikataa mawili. La kwanza, kumkanda kwa maji ya moto, kwa sababu upande ule hausikii joto na ataungua hajui. La pili, kuacha vidonge vya presha "kwa kuwa amepona." Aliyewahi kupata kiharusi yuko karibu na kingine, na presha ndiyo mlango mkubwa. Nilinunua kipimo, naandika namba daftarini kila asubuhi. Daktari wetu anataka isipite 130 kwa 80. Papa mkavu na achari, kwa sababu ya chumvi, vimetoka jikoni kwetu, na hilo limeniuma mimi zaidi yake.

Atalia ghafla, au atacheka msibani. Ni ubongo, si utoto. Lakini akikosa hamu ya kila kitu wiki mbili mfululizo, mwambie daktari. Huzuni hiyo ina tiba.

Na wewe muuguzaji, mtu akikuuliza akusaidie nini, usimjibu "nikihitaji nitakuambia." Mpe siku na kazi. Mimi wifi yangu nilimpa Alhamisi, saa nane mpaka magharibi, nami naenda dukani kushona. Alhamisi ya kwanza nilipiga simu nyumbani mara nne. Ya nne wifi akampa yeye simu. "Kesho," akasema, na kwa ile sauti nilijua kabisa ananiambia niache kupiga.