Jinsi ya Kumsaidia Mtu Asiyevumilia Kemikali na Kuwaelimisha Wanaomzunguka

Wapo watu ambao wakikaa dakika chache karibu na mtu aliyejipulizia marashi, au wakiingia katika chumba kilichopakwa rangi jana, huumwa kichwa, hubanwa kifua, huona kizunguzungu au hushindwa kufikiri sawasawa kwa saa nyingi baadaye. Mwaka 1987 daktari Mark Cullen wa Marekani aliieleza hali hii kwa jina la unyeti wa kemikali nyingi, na mwaka 1999 kundi la matabibu na watafiti likakubaliana vigezo vya kuitambua: iwe ya kudumu, dalili zirudi kila mara mgonjwa anapokutana na vichocheo, zitokee hata kwa kiasi kidogo ambacho wengine hawakihisi, zichochewe na kemikali nyingi zisizohusiana, ziguse zaidi ya mfumo mmoja wa mwili, na zipungue vichocheo vinapoondolewa.

Unapowaelimisha watu, usiwafiche kwamba wanasayansi wanabishana kuhusu chanzo chake. Katika baadhi ya majaribio ambayo washiriki hawakujua kama wanapewa kemikali au hewa safi, dalili zilijitokeza kwa vyote viwili. Ukilinyamazia jambo hili, atalitaja mwingine kwa kejeli mbele ya mgonjwa. Eleza wazi kwamba ubishi huo unahusu chanzo, na kwamba mtu aliyelala kitandani siku nzima kwa maumivu anahitaji msaada leo.

Kabla ya kumtembelea, anza na mwili wako na nguo zako, kwa kuwa hapa ndipo wengi wenye nia njema hukosea. Kuacha marashi asubuhi ya siku ya ziara hakutoshi: harufu ya sabuni ya unga na ya dawa ya kulainisha nguo hung'ang'ania kitambaani hata baada ya kufuliwa mara kadhaa, na mafuta ya nywele na losheni hubaki mwilini. Tumia bidhaa zisizo na manukato kwa siku kadhaa kabla, ukisoma orodha ya viambato badala ya kuamini maandishi makubwa ya mbele. Bidhaa inayodaiwa kuwa haina harufu yaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu yake ya asili; ukikuta neno "parfum" katika orodha, iache. Kisha muulize mwenyewe ni vitu gani humdhuru, kwa kuwa vichocheo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Na kamwe usimjaribu kwa siri ili uone kama anasema kweli. Huo ni ukatili.

Kazini, omba utaratibu ulioandikwa. Mfano upo: mwaka 2009 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilitoa sera ya hewa ya ndani iliyozuia bidhaa zenye manukato katika ofisi zake. Wafanyakazi waarifiwe mapema kabla ya kupaka rangi au kupuliza dawa ya wadudu, madirisha yafunguliwe, na vipulizi vya kuleta harufu nzuri viondolewe, kwani huongeza kemikali hewani bila kuisafisha. Mkinunua mashine ya kusafisha hewa, iwe na chujio la mkaa amilifu, kwa sababu chujio la vumbi pekee halishiki gesi.

Hospitalini, piga simu kabla ya kumpeleka, omba miadi ya kwanza ya siku, na uliza kama anaweza kusubiri nje. Daktari achunguze pia pumu, mzio na magonjwa mengine yenye dalili zinazofanana. Akishindwa kupumua au akivimba uso au koo, ichukuliwe kuwa dharura.

Tarehe 12 Mei huadhimishwa kimataifa kwa ajili ya hali hii pamoja na uchovu sugu na maumivu sugu ya misuli. Mkiandaa mkutano siku hiyo, tangazeni katika mwaliko wenyewe kwamba wahudhuriaji waje bila manukato, chagueni ukumbi usiopakwa rangi karibuni, na wekeni njia ya kushiriki kwa simu, kwa kuwa baadhi ya wahusika hawataweza kuingia ukumbini hata hivyo.