Glavu ya kupandia mti si glavu ya kupakia magogo

Mara ya kwanza kupanda mti nikiwa na glavu, nilivaa za fundi wa kuchomelea vyuma. Ngozi nene, zinafika nusu ya kigasha. Nilizinunua Masindi mjini, hapa Uganda, nikijiambia kwamba humu hapiti mwiba wala kibanzi. Mti wenyewe ulikuwa mfenesi uliokuwa umezidisha kivuli juu ya kahawa. Nilipofika panda ya tatu nikagundua kwamba nimeshika mpini wa panga lakini mkono hauna habari. Sikujua kama nimekaza au nimelegeza. Panga likachomoka, likashuka likizunguka, likajichoma ardhini hatua mbili kutoka kwa kijana aliyekuwa ameshika kamba. Hakusema kitu. Alilitazama panga, akanitazama mimi, kisha akasogea.

Tangu siku hiyo, wakulima wa huku kwetu, kuanzia Masindi hadi Kigumba na Bweyale, wakiniuliza glavu ipi ni nzuri, mimi huwauliza kwanza: ya kufanyia nini? Glavu hainunuliwi kwa unene. Hununuliwa kwa kazi ambayo vidole vitafanya, na kazi ya miti ina angalau mbili zisizofanana hata kidogo: ya aliye juu na ya aliye chini.

Aliye juu

Mzee mmoja wa Kigumba aliyepanda miti maisha yake yote aliniambia, "Bwana shamba, glavu inaiba mkono." Nusu ya maneno yake ni kweli. Kiganja kitupu husikia gome lililooza kabla jicho halijaliona. Hujua tawi hili limelowa, lile lina ukungu, hili linatikisika mahali lisipotakiwa kutikisika. Ukikifunika kwa ngozi nene umekinyima habari hizo zote. Lakini kiganja hicho hicho kikimaliza mwembe mmoja na mivule miwili, jioni kimechubuka, na kesho yake kinashika kwa woga. Kushika kwa woga ukiwa mita nane juu ni hatari kuliko mchubuko wenyewe.

Kwa hiyo ya kupandia iwe nyembamba na ibane. Ninayoipenda ni ile ya kitambaa cha kufumwa, mgongoni wazi ili ipitishe hewa, kiganjani imechovywa mpira wenye mikunjo-mikunjo kama ncha ya kidole kilichokaa sana majini. Utaipata katika duka la vifaa vya ujenzi, maana wabeba matofali nao huitumia. Watu huidharau kwa sababu ya bei yake ndogo. Mpira wa namna hiyo hung'ang'ania gome hata likiwa na umande, wakati ngozi iliyolowa huteleza kama samaki. Kwa mvua zetu, hilo peke yake linatosha kuiacha ngozi chini.

Sehemu ya kifundo iwe na lastiki inayokumbatia mkono. Glavu yenye mdomo mpana huokota majani, vumbi la gome na sisimizi, na hakuna kitu kinachomwachisha mtu tawi upesi kama siafu aliyeingia ndani ya glavu. Vidole navyo visizidi. Ncha iliyobaki tupu, hata nusu sentimita, ndiyo inayobanwa kwenye fundo la kamba au kati ya kamba na shina. Hapo huwezi kusonga mbele wala kurudi nyuma.

Namba ya glavu kwa kweli ni inchi. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye kiganja chini kidogo ya vifundo vya vidole, usihesabu gumba. Ukipata milimita 203 hivi, wewe ni namba 8. Milimita 229 ni namba 9. 254 ni namba 10. Mkono ukiwa katikati ya namba mbili, kwa kupandia chukua ndogo, kwa kubebea magogo chukua kubwa. Nina lalamiko hapa: maduka mengi niliyopitia huleta namba 10 tu, kana kwamba kila anayeshika kuni ni mwanamume mwenye mikono ya beleshi. Kuni za nyumbani hushikwa zaidi na wanawake, na wengi wao ni namba 7 au 8. Mwambie mwenye duka. Akiombwa mara tatu ataleta.

Dukani usinunue kwa kutazama. Vaa zote mbili, weka sarafu ya shilingi 100 juu ya kaunta, iokote. Ikikushinda mara tatu, glavu hiyo haifai kupanda nayo mti, kwa sababu hutaweza kufunga wala kufungua fundo. Kisha nunua soda iliyotoka kwenye friji, ile inayotoka jasho, ishike sehemu nene, igeuze juu chini bila kukaza sana. Ikiteleza, gome bichi nalo litateleza. Mwenye duka atakucheka. Kunywa soda yako. Mwisho geuza glavu ya ndani nje, uvute mshono ulio kati ya gumba na kidole cha shahada. Pale ndipo glavu nyingi hufia, na ukiona uzi unakenua meno hapo hapo dukani, hiyo haitamaliza wiki.

Namba zilizochapwa mgongoni

Kwenye glavu nyingi utaona picha ya ngao yenye nyundo ndani yake, na maandishi EN 388. Hicho ni kipimo cha Ulaya. Chini yake kuna namba nne: ya kwanza ni uwezo wa kustahimili kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa. Zote huanzia 0, na mwisho wake ni 4, isipokuwa ya kukatwa inayofika 5. Tangu kipimo hicho kilipobadilishwa mwaka 2016 huongezwa alama ya tano, herufi A hadi F, ya jaribio jingine la kukata. Ukiona X, maana yake jaribio hilo halikufanywa. Kwa magome na mbao mimi hutazama ya kwanza na ya tatu, kwa sababu mti hukusugua na kukuchana kuliko unavyokukata.

Ile namba ya nne huwadanganya watu. Jaribio lake hutumia chuma chenye unene kama wa msumari na ncha iliyoviringwa kidogo, si mwiba wa mgunga. Glavu yenye 4 bado itapitishwa na mwiba wa mchungwa bila shida. Na zaidi ya hayo, kuchapa namba ni rahisi kuliko kutengeneza glavu, kwa hiyo namba nzuri isiyoshinda jaribio la sarafu na la soda, mimi siihesabu.

Aliye chini

Huyu hahitaji kuhisi sana. Anahitaji ngozi. Ubao uliotoka kupasuliwa una vibanzi ukingoni, na kibanzi cha mbao ngumu kikivunjikia ndani ya kiganja huleta usaha baada ya siku chache. Ngozi ya mbuzi ni laini na imara kuliko unene wake unavyoonyesha. Mimi huichagua kwa mbao zilizopasuliwa na kwa miti yenye miiba, na glavu iwe na mkono mrefu unaofunika kifundo. Ngozi ya ng'ombe iliyopasuliwa, ile yenye vinyweleo kama mahameli, ni ya magogo, nguzo za mkaratusi na kuni. Ni ngumu siku za mwanzo. Ivae nyumbani jioni mbili tatu ukiwa unapasua kuni, italainika.

Mtu wa kamba ndiye ninayemwogopea kuliko wote. Tawi zito likikatwa hushushwa kwa kamba, na kamba ikikimbia ndani ya kiganja huunguza. Tena glavu ya mpira haimfai huyu: kamba ya nailoni inayokimbia hutoa joto, mpira unalainika na kunata, na glavu inavutwa pamoja na mkono. Avae ngozi. Lakini ngozi nayo isimpe kiburi. Uzito wa tawi unapaswa kubebwa na shina: kamba izungushwe mara mbili au tatu kwenye mti wenyewe au mti wa jirani, yeye kazi yake ni kulegeza kidogo kidogo. Nimewaona vijana wanaojizungushia kamba kwenye kiganja "ili isikimbie." Tawi likianguka, mkono wao unalifuata. Hakuna glavu ya kuzuia hilo.

Utomvu, unga na manyoya

Ulimbo wa fenesi unajulikana. Ukiingia kwenye glavu ya kitambaa hautoki, kwa hiyo siku ya mafenesi vaa zile kuukuu. Ulimbo wa msindano vivyo hivyo, ingawa glavu iliyochovywa nitrili, aina ya mpira wa kiwandani, husafishika kwa urahisi zaidi, na nitrili huvumilia petroli na oili. Mpira wa kawaida hauvumilii. Ukiujaza mafuta ya msumeno huanza kunata, kisha hupukutika.

Mnyaa uchukuliwe kwa heshima. Maziwa yake yakiingia jichoni ni dharura ya hospitali, na mara nyingi hayarukii huko yenyewe. Mtu hukata ua wa mnyaa, jasho linamshuka, anajifuta uso kwa mgongo wa glavu. Funga leso kichwani kabla hujaanza, na glavu hizo zisafishwe kwa maji mengi na sabuni kabla hazijagusa kitu kingine. Upupu ni hivyo hivyo: manyoya yake hujificha kwenye kitambaa, na wiki moja baadaye unavaa glavu safi machoni pako unaanza kujikuna hadi kwenye viwiko. Unga wa mvule pia huwasha ngozi za watu wengine, hasa jasho likichanganyika nao chini ya glavu. Zikung'ute kila mapumziko.

Msumeno

Anayetumia pawasoo anahitaji glavu zake maalumu, zenye picha ya msumeno na kipimo EN 381-7, au EN ISO 11393-4 kilichokuja baadaye. Nyuzi zake za kinga mara nyingi huwekwa mgongoni mwa mkono wa kushoto, kwa sababu ndio ulio karibu na mnyororo unaposhika mpini wa mbele. Kwa hiyo mtu akikuuzia ya kulia moja na ya kulia nyingine, cheka uondoke. Tena glavu hizo hupimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 16 kwa sekunde kwa daraja 0, au 20 kwa daraja 1. Mashine iliyokanyagwa mafuta mpaka mwisho inaweza kupita hapo. Zinapunguza jeraha. Hazizuii mnyororo. Na unaponoa mnyororo kwa tupa, injini ikiwa imezimwa, endelea kuzivaa: meno hayo hukata hata yakiwa yamelala.

Sasa mahali pa kuvua. Penye msumeno wa meza unaozunguka, mashine ya kuranda, dreli, au mashine ya kusaga matawi, glavu nene ya kulegea ni adui. Mkono mtupu ukigusa jino utakatwa, na hilo ni baya. Glavu ikinaswa, mashine huvuta mkono wote. Mbele ya mashine za karakana vua glavu, tumia kijiti cha kusukumia ubao. Kwa mashine ya kusaga matawi, kama lazima uvae, iwe ile nyembamba inayobana, isiyo na mdomo wa kuning'inia wala kamba.

Na nyaya za umeme zikipita kwenye matawi, sahau glavu zote nilizozitaja. Hazizuii umeme, hasa zikilowa. Waite watu wa umeme wakate umeme kwanza.

Kwa anayeajiri

Mkulima anayemwita kibarua apunguze matawi siku moja hujiona mteja tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kinga. Sikuambii hivyo ili nikutishe kwa sheria. Nakuambia kwa sababu jozi mbili za mpira na jozi moja ya ngozi, zikikaa nyumbani kwako, hutumika misimu kadhaa kwa kila anayekuja. Ukimwachia kibarua ajitafutie, atakuja na mikono mitupu, au atakuja na soksi.

Kuzitunza ni kazi ndogo. Ngozi iliyolowa ianikwe kivulini. Ukiiweka kando ya mafiga itakauka kama kashata na itapasuka kwenye mikunjo. Za mpira zioshwe kwa sabuni ya mche, zining'inizwe vidole vikiwa juu maji yatoke, ndani ya nyumba, maana jua huula mpira. Mpira ukianza kung'aa kiganjani, mikunjo ikiwa imeisha, kazi yake ya juu ya mti imekwisha hata kama hakuna tundu. Ishushe daraja iwe ya kuni.

Kwangu kuna misumari miwili chini ya paa la jikoni. Wa kushoto ni wa glavu za juu, wa kulia ni wa za chini. Mwaka huu mwanangu alichukua za kushoto akaenda kubebea matofali kwa jirani, akazirudisha kimya kimya. Nilizigundua nikiwa tayari mguu mmoja uko kwenye ngazi, viganja vyake vinang'aa kama sufuria. Nikashuka.